Kabla ya Kitufe

Oktoba, Miskolc, chini ya shule,
ngazi kumi na nne kushuka chumba cha boila.
Juu yetu watoto wamekaa na makoti,
wanaandika hesabu kwa vidole vya ganzi.
Mkuu wa shule ameshachungulia mara mbili:
"Tayari?"
Na Piroska, bila kugeuka:
"Bado."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Nilidhani moto ni kitufe.

Kwanza alinusa.
Gesi hii ni nyepesi, hupanda,
naye akapanda kiti akanusa dari,
pembe kwa pembe, macho kafumba.
"Pua haitoshi," alisema,
"lakini ndiyo fundi wa kwanza kuripoti kazini."

Kisha sabuni. Brashi ya kunyolea ya marehemu baba yake
akaichovya koponi, akapaka kila kiungo cha bomba,
taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.
Povu likatulia kote
isipokuwa kwenye nati ya tatu:
pale kijicho cha kioo kilivimba, kikatutazama.
Spana. Robo mzunguko.
Akapaka upya. Kijicho hakikurudi.

Ndipo akawasha umeme.
Feni ikaanza kuvuma, ikavuma, ikavuma tu.
"Mbona hakiwaki?"
"Kinafagia. Kama kuna gesi iliyolala tanurini tangu masika,
itoke kwa dohani, si kwa uso wako.
Hesabu."
Nikahesabu hadi thelathini.

Cheche: tk-tk-tk-tk.
Vali ikafunguka.
Kimya.
Vali ikajifunga, taa nyekundu ikawaka.

Kidole changu kilitangulia akili.
Piroska akanidaka kifundo cha mkono,
akakishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Kimekataa. Uliza kwa nini
kabla ya kuomba tena."
Akasogeza kilemba chake:
nyusi ya kushoto haikuwepo,
ngozi yake nyororo kama karatasi ya mkate.
"Ferkó alibonyeza mara nne.
Ya nne ndiyo iliyomjibu."
Hakuniambia Ferkó ni nani.
Hakuniambia yuko wapi.

Tukafunga gesi, tukafungua kichwa cha kichomeo.
Kaure ya elektrodi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele,
cheche ikitorokea humo kabla ya kufika kazini.
Akaweka mpya. Akapima nafasi kwa geji, milimita tatu.
Feni tena. Thelathini tena.
Tk-tk, na hapo, nyuma ya kioo,
ua la bluu likaketi mahali pake,
halikupepea, halikuruka,
likanguruma kama mtu aliyeshiba.

Nikashangilia.
Yeye akaenda akafunga gesi.

"Umekiua!"
"Nimekiuliza kama kinajua kufa."

Akakiua mara tatu asubuhi ile:
kwa kukinyima gesi,
kwa kukinyima upepo,
kwa kukidanganya kuwa maji yamechemka kupita kiasi.
Kila mara vali zilifunga kwa mlio mmoja mkavu,
na kila mara aliitikia kwa kichwa
kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi kutoka dawati la nyuma.

Mwisho akatia mrija wa kipimo kwenye dohani.
Oksijeni, asilimia nne.
Hewa ya sumu, chembe kumi na nane katika milioni.
Akaandika kwa penseli
kwenye kadi inayoning'inia kwa waya,
chini ya mwandiko wa mtu mwingine,
wenye "k" zilizolalia kushoto,
ambao ulikoma miaka sita nyuma.

Saa nne na robo mabomba yakaanza kugonga.
Bwana Gyárfás, mtunza jengo, akashuka akicheka:
darasa la pili wameanika glovu kwenye rejeta ya ukutani,
chumba kizima kinanuka sufi.

Mkuu wa shule akachungulia tena:
"Tayari?"
Piroska akafuta brashi, akanyamaza,
akanitazama mimi.

Nikatazama lile ua, kadi, mstari mtupu wa sahihi.
Nikapanda kiti, nikanusa dari.

"Bado," nikasema.