Majani ya Februari

Ujumbe ulinikuta nikimenya viazi,
saa kumi na mbili jioni, giza limeshabandikwa dirishani,
theluji imefika kwenye kitasa cha lango.
Aliyeutuma ni Halszka wa duka la dawa,
na Halszka hana uongo, chenji yake haipungui hata grosi.
Gari jeupe linazunguka karibu na shule.
Dereva anawapa watoto peremende.
Mjulishe kila mzazi unayemjua.
Na picha: gari jeupe, namba hazisomeki,
mwanamume ameinamia mlango wa nyuma.

Mikono yangu ilikuwa na maji ya viazi.
Nikafuta kidole kimoja kwenye aproni,
kimoja tu, kilitosha.
Watu arobaini na watatu.
Nikarudi kwenye viazi.

Nisidanganye pia juu ya nilichohisi:
nilihisi raha,
raha ya mtu aliyewahi kufika na ndoo
kabla hajauliza moto uko wapi.

Wanasema lisemwalo lipo,
na kama halipo, laja.
Basi lilikuja.
Lilikuja Alhamisi, ukubwa wa ngumi,
likapita kwenye kioo cha gari la Zenobiusz Kurpiel,
fundi wa piano, mtu wa Łomża,
aliyeitwa kuitibu piano ya shule
iliyokuwa ikikohoa tangu Krismasi.
Alikuwa ametoka mara moja kufuata kifaa chake.
Wanaume watano walimzunguka.
Mmoja wao namfahamu tangu tumboni mwangu.

Hawakumuua.
Nimesikia hilo likisemwa kanisani, sokoni,
kwa sauti ya mtu anayedai risiti ya wema.
Walimpiga makofi tu, wanasema. Makofi!
Moja lilitua kwenye sikio la kushoto,
na sikio lile, ameandika dada yake,
linavuma sauti moja usiku na mchana,
nyembamba, haikazwi, hailegezwi.
Tuliuita uvumi.
Sasa umepata mahali pa kuvumia.

Usiku ule niliutafuta ujumbe niufute.
Sijui kwa nini niliikuza picha kwanza.
Nyuma ya gari kulikuwa na mti,
na mti ulikuwa na majani.
Majani mabichi, mazito, ya Juni au Julai,
na kivuli kifupi cha saa sita chini ya magurudumu.
Nikainua macho dirishani:
mibetula yetu imebaki mifupa mitupu
tangu Oktoba.
Nina miaka sitini na nane katika mji huu,
najua kila tawi lake kwa baridi yake,
na sikuliona hata jani moja.

Nikawaandikia wale wale arobaini na watatu:
Si kweli. Nilikosea. Tazameni mti.
Walijibu wawili.
Mmoja alituma dole gumba.
Wa pili aliuliza: una ushahidi gani?
Swali zuri. Lilikuwa wapi Jumanne?
Halszka alinipigia simu, akashusha pumzi,
akasema hata hivyo, mama, heri tahadhari.

Sasa simu ikitetemeka mezani
humaliza kwanza viazi.
Hunawa. Hufuta vidole vyote kumi.
Siku nyingine bado kidole kile kimoja kinawasha,
sitasema kimepona.

Piano ya shule ilibaki nusu.
Upande wa kushoto umenyooka kama uzi,
wa kulia unakohoa vile vile.
Mjukuu wangu Tymek anajifunza kwayo,
na Jumapili wazazi hualikwa kusikiliza.
Mkono wake wa kulia ukianza kupanda,
ukivuka tu pale katikati,
mwanangu huinuka taratibu,
huchukua koti,
na kutoka nje kuvuta sigara.