Mapato na Matumizi

Ubao wa matangazo wa mtaa wetu, Mabatini juu,
una misumari kumi na mmoja na karatasi moja.
Karatasi imeandikwa MAPATO NA MATUMIZI,
kisha mwaka,
kisha jua limesoma yaliyobaki.

Mimi naponda kokoto. Hesabu yangu ni debe.
Debe likijaa nalitikisa, likishuka naongeza,
maana mnunuzi ana macho, na mimi nina jina.
Muulize dereva yeyote wa tipa
kama Nyanzobe aliwahi kumpimia hewa.

Mwaka ule wa choo cha shule
kila kaya iliambiwa elfu kumi na tano.
Sikuwa nayo. Nikasema, nitatoa mawe.
Mtendaji akacheka, akaandika: Nyanzobe, mawe.
Nikatoa madebe arobaini na matatu,
mengine nimeyaponda usiku kwa tochi ya simu.
Kidole hiki kidogo ndicho kilichong'oka kucha;
siku ya kura wakakichovya wino hivyo hivyo.

Choo kilifika kwenye lenta.
Kimekaa kwenye lenta miaka minne.
Mbuzi wa mzee Lukelesha wanakifahamu kuliko watoto.

Wagombea wamepita. Sisemi hawakupita.
Walipanda kilima hiki kwa miguu, wakihema.
Mmoja aliomba maji ya kunywa,
tukampa ya ndoo, ya mia tano, yaliyopanda kichwani.
Akanywa, akasema, "Mama, hii shida nimeiona."
Ameiona. Sijui aliiweka wapi.
Kanga aliyoniachia ni nzuri, haichuji;
naikunja ngata,
ndoo inakaa juu ya uso wake.

Jumapili tukaitwa mkutano.
Agenda: ulinzi, usafi, mengineyo.
Miaka yote mimi naishi kwenye mengineyo.
Nikabeba mawe arobaini na matatu kwa beseni,
moja kwa kila debe,
nikayapanga mezani kwa mwenyekiti, kimya,
mpaka muhuri wa mtaa ukakosa pa kukaa.
Kalamu ikaanguka. Hakuna aliyeiokota.
Nikasema: haya ni mapato. Naomba matumizi.

Watu wa nyuma walicheka, kisha wakaacha.
Doto fundi akasimama: "Na siku zangu sita za kujenga?"
Mama Byera wa vitumbua akafungua pindo la kanga,
akatoa risiti iliyolowa mafuta
mpaka ukiishika unaona vidole vyako upande wa pili.
Mwenyekiti akasema swali ni zuri,
litajibiwa kwa maandishi.
Nikamuuliza, kwenye ubao upi?
Ule anaosoma jua?

Najua serikali ni kitu kirefu, ina ngazi,
mtaa, kata, wilaya, hadi kule kwenye zulia,
na kila ngazi humwelekeza mtu kwa kidole ngazi ya juu.
Lakini watoto wetu wanachutama nyuma ya majabali.
Masika yanakuja, hayasubiri akidi,
yanaosha kilima chote, yanashuka na Mirongo
mpaka ziwani.
Na ziwa, bwana, lina pampu.
Linapanda usiku ndani ya mabomba
kwa wenye mabomba,
linaingia kwenye jagi, linakatiwa limau.
Sisi tusio na bomba tunachemsha.
Nyinyi mnaamini.

Mawe yangu bado yako ofisini.
Nasikia wameyasukumia chini ya meza,
ila moja limewekwa mlangoni,
linazuia upepo wa ziwa usiubamize.
Sawa. Hilo limeingia kwenye matumizi.
Bado arobaini na mawili.