Maji ya Magoti

Ijumaa, jua likianza kuiva juu ya ziwa,
baba alitoka uani na saa yake ya mkanda wa dhahabu.
Alilitazama jua, akaitazama saa,
kama mtu anayesikiliza mashahidi wawili.
Saa si pambo, alisema. Saa ni wakati.
Mama alikuwa anasugua sufuria ya mwisho.
Hakujibu. Masikioni mwake
matundu mawili ya kabla ya ubatizo.

Igombe, nyumba ya tatu kutoka mwaloni.
Redio iliwashwa jua lingali na kidole kimoja,
ikaachwa.
Kuiwasha Sabato ni kazi, na kuizima ni kazi,
basi iliongea peke yake usiku kucha:
bei ya pamba, matangazo ya vifo,
salamu za wagonjwa waliolazwa Bugando,
na kesho yake alasiri, Mungu atusamehe, mpira.
Baba, Lesoni imefunguliwa mapajani, hakusikiliza.
Alijua tu nani amefunga.

Majani ya chai yalikuwa ulevi mdogo. Tulikunywa mchaichai.
Mchungaji mgeni akija, Majura alitumwa dukani
akarudi na Koka nne za baridi.
Soda haina majani.

Lakini nyavu hazisomi Walawi.
Zilileta sato, zilileta ningu, zilileta na kambare,
mweusi, masharubu yake yakitafuta mtu wa kumwelewa.
Hatukumla. Hana magamba.
Majura alimbeba kwa Mama Zuwena
mwenye karai kubwa na maswali machache,
na jioni noti zilirudi zikinuka mafuta.
Nilizihesabu mimi, nikatenga fungu la kumi.
Noti haikuwa na magamba wala mapezi.
Ikapita.

Mimi nilichapwa mara moja tu kwa sababu ya ziwa.
Sabato, baada ya ibada ya pili,
tuliruhusiwa kushuka ufukweni kutafakari uumbaji.
Maji ya vifundo yalikuwa uumbaji.
Maji ya magoti yalikuwa matembezi.
Maji ya kiuno yalikuwa starehe,
na starehe ilikuwa na fimbo yake nyuma ya mlango.
Nilikuwa na miaka tisa. Wimbi lile halikuwa limebatizwa.
Lilinijia kwa mgongo, likaninyanyua,
gauni langu la kanisani likajaa upepo kama hema,
nami nikacheka kwa sauti.
Hata leo nadhani kilichonichapisha ni kile kicheko.

Jua lilipozama, mama alinipaka mafuta ya mgando,
polepole, kila mstari na kidole chake.
Chemli ilikuwa karibu. Kitambaa kilikuwa kimemteleza,
ndipo nikaona: ndani ya kila tundu la sikio
njiti ya ufagio, imekatwa fupi, imelainishwa.
"Ya nini?"
"Yasizibe."
"Kwani utavaa tena hereni?"
"Hapana."
Akafunika kopo la mafuta, akapuliza taa.

Baba ana mwaka wa sita kaburini.
Saa yake ninayo mimi. Imesimama saa nne na robo
na fundi wa Kirumba amesema haifai kitu,
kwa hiyo sasa, baba, ni pambo.
Mama bado anasugua sufuria kila Ijumaa.
Sijamuuliza habari za njiti.
Kitambaa chake hufungwa chini sana.

Jumamosi hii nimekuja na binti yangu Nyachiro.
Amekimbilia maji bila kumwuliza yeyote,
sasa ni kichwa tu, na meno.
"Mama, ingia!"
Nakunja sketi. Vifundo. Magoti.
Huko nyuma, nyumba ya tatu, redio inaongea,
na sijui nani aliiwasha, wala lini.
Nasogea hatua moja, kisha nyingine nusu.
Maji yanapanda, yanashuka, yanapanda mapajani,
hapa ambapo baba hakuwahi kutaja.