Kiduara Kimoja

Chama nilikinyonya. Baba alirudi kutoka mgodini
na vumbi jekundu la chuma hadi kwenye kope,
akanywa supu, akapangusa kijiko, akataja jina la chama
kama wengine wanavyosema amina.
Kadi yake ya wafanyakazi ingali katika mtoto wa meza,
chini ya betri zilizokufa na funguo za gari tulilouza.

Miaka hamsini na miwili nimepiga kura
bila kusoma majina. Kalamu ilijua njia
kama punda ajuavyo zizi.

Mwaka huu kaja huyu, Marlys Vukelich,
wa upande wa pili,
Jumamosi ya theluji ya kwanza. Buti kazivua mlangoni
bila kuambiwa. Soksi moja imetoboka, kidole gumba kinachungulia.
Nikampa kahawa kwa kuwa ni mgeni,
nikanuna kwa kuwa ni mpinzani.

Nikasubiri aliseme.

Maana ndiye aliyeendesha ambulensi
usiku ule wa Februari, Irja kalazwa nyuma, mimi nimemshika mguu,
maili sitini na moja hadi Duluth,
kwa sababu hospitali yetu ilikwisha fungwa,
na walionyoosha mikono ifungwe
ni hawa wangu, wa baba, wa kijiko na amina.
Barabara ilikuwa kioo. Redio hakuiwasha.
Kila baada ya kitambo aliita, "Bi Irja, tunakaribia,"
hata pale ambapo, nadhani, alikwisha jua
kwamba Irja ametutangulia kufika.

Nikasubiri aliseme, nipate kumfukuza.
Mwanasiasa gani asiyeteka maji kwenye msiba wa mtu?
Alizungumza mashimo ya barabarani, bei ya gesi.
Nikamuuliza: mgodi utafunguliwa?
Akatazama ndani ya kikombe.
"Sijui," akasema.
Picha ya Irja iko juu ya friji. Aliiona, mara moja tu,
kisha akainamia kamba za buti zake
akazifunga muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji.

Kaka yangu Reino kapiga simu. Kura si koleo, anasema,
huwezi kumwazima jirani ukategemea itarudi.
Huko aendako watamwambia nyoosha, atanyoosha.
Najua, Reino.
Hilo ndilo linaloninyima usingizi: mtu ni mmoja,
na nyuma yake wamejipanga wengi
ambao nisingewapa hata maji ya kunawa.

Njia mbili zilimshinda fisi.
Fisi hatuna huku. Tuna mbwa mwitu,
naye hukanyaga palepale alipokanyaga wa mbele,
kundi zima likapita thelujini
na kuacha nyayo za mmoja.

Leo nimesimama katika ukumbi wa kanisa, nyuma ya kadibodi.
Nimejaza jaji, nimejaza mkaguzi, nimejaza bodi ya udongo,
hata yule bwana anayegombea peke yake nimemjazia.
Kimebaki kiduara kimoja.
Bi Zupan, pale mezani kwenye orodha, anakohoa kwa adabu.
Nje mtu anakwangua theluji, anapumzika, anakwangua.
Kalamu wameifunga kwa kijinyororo,
kana kwamba yuko mtu
atakayetaka kwenda nayo nyumbani.