Pitia Siku Yoyote

Kila Ijumaa, tukikunja shuka za mwisho za wodi ya tano,
Trevor Hesketh husema, macho yakiwa kwenye pindo,
"Ukiwa pande za kwetu siku yoyote, pitia."
Miaka mitatu. Shuka ngapi, sijui.
Basi Jumapili moja nikapita.

Treni ilinitoa Manchester na makelele yake,
ikapita nyuma ya maghala, kando ya mfereji,
kila kituo ikishusha watu na kelele kidogo,
hata kufika Timperley tumebaki wawili,
mimi na bibi mwenye maua ndani ya gazeti,
na mlango uliosema *fyuu*, ukatuacha.

Sikuwahi kuvisikia viatu vyangu namna ile.
Kumbe ni wasemaji.
Nyua za miti zimekatwa sawasawa kama mkate wa duka.
Mapipa ya taka, kijivu, buluu, kijani, kahawia,
yamepanga foleni, midomo imefumbwa.
Paka ukutani alinikagua toka kofia hadi soli,
hakuona la maana, akarudi kujilamba.
Mtu mmoja alikuwa anaosha gari safi.

Nambari kumi na nne. Kengele imekufa.
Nikafanya nilivyofunzwa tangu sijang'oka meno ya utoto:
"Hodi!"

Loo. Neno la pumzi moja,
kwetu huingia lenyewe ndani likavua viatu;
hapa lilizunguka mtaa mzima likitafuta pa kukaa.
Mbwa wa kumi na sita akalijibu.
Pazia la kumi na tisa likasogea upana wa jicho.
Mwosha gari akafunga bomba.

Trevor alifungua, povu la kunyolea shavuni, shavu moja.
"Nani amekufa?"
Hakuna aliyekufa, nikasema. Nimepita tu.
Akatazama nyuma yangu, kana kwamba sababu
imechelewa kidogo, inakuja na treni ya pili.
"Ni nani?" Dada yake, Glenys, toka ghorofani.
"Mtu wa kazini."
"Ana shida gani?"
"Anasema hana."
Kikafuata kimya ambacho, wallahi, ningeweza kukikunja
mara mbili, mara nne, nikakipanga rafuni.

Chai. Biskuti tatu, moja imevunjika,
na hiyo ndiyo Trevor aliyoiwahi.
Glenys alishuka na blauzi mpya, lebo ingali shingoni,
akaniuliza habari za mvua ya Manchester
kana kwamba mvua yao ni ya ukoo mwingine.
Nikasifu saa ya ukutani. Haikuwa inatembea.

Ndipo Trevor akasema, "Njoo uone kitu,"
akanipeleka uani, penye ndoo imefudikizwa udongoni.
Akainua ukingo wake kidogo, kama anayechungulia mtoto aliyelala.
Rubabu, mboga wanayoipika kama tunda:
mashina ya waridi, marefu, yamesongamana gizani.
"Ukiifunika hukua upesi. Usiku ukitulia, utaisikia."
Akapiga magoti, suruali ya Jumapili na yote, nami nikapiga.
Baba yake alikuwa nayo, akasema, na babu,
na mama alikuwa akikasirishwa na sukari inavyokwisha,
na Glenys aliwahi kula majani yake, yana sumu, wakambeba mbio,
maneno mengi kuliko ya miaka mitatu ya shuka,
yote kwa mnong'ono, tusiishtue mboga.
Nikatega sikio.
Hakuna.
Kisha *tk*.
Huenda lilikuwa goti langu.

Alinisindikiza kituoni na ndara za nyumbani,
shavu moja laini, jingine bado na povu lililokauka,
majirani wote waone.
Nikiwa na fungu la rubabu kwapani
nikamsikia akianza, "Basi, pitia siku yo—"
Akameza. Akatoa kijitabu mfukoni, na penseli fupi.
"Tarehe kumi na tisa. Saa tisa na robo."

Robo ya nini, nikauliza.

"Ya kunyoa," akasema.