Mpangaji

Kwenye kadi niliandika jina, namba ya simu,
na neno moja chini yake: Mpangaji.
Mtu wa kwanza kupiga akaniuliza
chumba nakitaka uwani au mbele,
na kodi nitatoa ya miezi mingapi.

Nikamweleza. Akakaa kimya.
"Kwa hivyo unakuja kwangu, unapanga vitu vyangu,
halafu mimi ndo nakulipa?"
Ndiyo.
Akakata. Nadhani alikuwa anacheka.

Miaka saba nilichora vioo vya simu.
Pembe za vitufe nilizilainisha mimi;
kijani cha "Tuma" nilikigombania wiki nzima
mbele ya watu watano, chumba cha baridi, Fumba:
hiki, si kile, kile ni mchicha uliolala.
Mtu wa Wete akimtumia mamake pesa
kidole chake kilipita juu ya kazi yangu
asijue. Na huo ndio ulikuwa ufundi wenyewe,
asijue.

Siku niliyoacha, mama alikuwa anachagua mchele.
Hakuinua uso. "Digrii ile," alisema,
"ndo ya kukunjia watu mashuka?"
Akatoa chuya moja, akaiweka ukingoni mwa ungo.
Sikuwa na jibu zuri. Sinalo hata sasa.
Nilichoka kupanga nyumba zisizo na harufu.

Michenzani, ghorofa ya nne, ngazi zina giza saa sita mchana.
Bi Shinuna kafungua mlango nusu,
nusu ya pili imezuiwa na cherehani,
nyuma ya cherehani mabeseni, ndani ya mabeseni mabeseni,
redio tatu, inayosema moja,
makopo ya maziwa yamejaa vifungo,
risiti za umeme za tangu wajukuu hawajazaliwa,
na kabati la kanga lililokataa kufungika.

Nikaanza nilivyofundishwa: kwa rangi.
Nyekundu na nyekundu, buluu na wenzake,
rafu ya kwanza ikang'ara.
Bi Shinuna akaja na chai, akatazama,
akaitua chai.
"We mtoto. Umenichanganyia maadui."

Kisha akanipangia yeye, kwa kidole, kitini:
hizi mbili za Mwanapili, wa ghorofa ya chini,
alipoazima sufuria yangu akarudisha mfuniko;
hii nilimvalia wifi, harusini, akahama kiti;
hii nilipewa, haina ugomvi, iweke peke yake;
hizi nne za mke mwenzangu. Hapana, si chini.
Juu. Tulikuja tukapatana,
tukizivaa sare.

Rafu zikawa mbaya kwa macho,
zambarau ubavuni mwa chungwa.
Lakini angeweza kuitoa yoyote gizani.
Ofisini tungelipa jambo hilo jina refu
na mishale.

Chini kabisa, ndani ya mfuko, kofia ya viua:
upande umetobolewa, upande bado,
sindano imo, ina kutu,
uzi umesimama pale habari ilipomkuta.

"Tupa," alisema upesi, akitazama dirisha.
Na mimi, bila kufikiri:
"Una uhakika?"

Maneno mawili. Niliyaandika kwa mkono wangu,
chini ya alama ya pipa, herufi za wastani,
yakaenda kukaa katika simu za watu nisiowajua,
yakiuliza usiku na mchana,
wala sikupata kumsikia hata mmoja akijibu.

"Sina," alisema Bi Shinuna.

Tukaitia katika kopo la vifungo.
Hatukulifunga.

Magharibi alinipa elfu ishirini, mkate wa kumimina,
na mfuniko wa sufuria, umesuguliwa.
"Pita kwa Mwanapili. Mwambie mimi napanga nyumba,
hiki hakina pahala."

Nikashuka, nikibisha kwa kiwiko.
Mlango wa Mwanapili nao
ukafunguka nusu.