Arbuni

Anyosisye alipokea elfu themanini mkononi
mwezi Februari, viazi vikiwa bado na maua.
Sanga mwenye Fuso alisema: Juni
nitachukua magunia mia, elfu arobaini na tano kila moja.
Nikitaka.
Nisipotaka, themanini ni yako, tusidaiane.
Hawakuandikishana. Shahidi alikuwa muuza chai wa Isyonje,
na ukungu.

Chuoni neno hilo, "nikitaka", lilijaza ubao mzima.
Mwalimu alianza na herufi ya Kigiriki, akaiita mtikisiko,
akaandika, akafuta, chaki ikamkaa kwenye kope.
Ukijua bei ya leo, bei mliyoagana,
siku zilizobaki, riba, na mtikisiko,
utajua thamani ya kusubiri.
Nikanakili. Nikafaulu. Nikarudi Uyole
kuwa afisa mikopo, dirisha la pili,
chini ya feni ambayo hakuna aliyewahi kuiwasha.

Usiku mmoja nikaipigia hesabu arbuni ya Sanga.
Laki nne na kitu.
Nikarudia. Laki nne na kitu.
Nikamwambia Anyosisye: umepunjwa.
"Ile ilikuwa ada ya Lusajo," akasema.
"Shule haikungoja hesabu yako."

Machi akaja kukopa dawa ya ukungu,
ule wa majani, si ule wa mlimani,
ingawa huja pamoja kama mtu na mdogo wake.
Kompyuta ikamtazama kwa sekunde mbili:
uwezekano wa kutolipa, asilimia saba.
Nami nikamtazama. Saba yenyewe iko wapi,
kwenye kilemba? Kwenye kucha zenye udongo?
Hakuna mtu anayeshindwa kulipa kwa asilimia saba.
Hulipa, au bati lake hupigwa mnada.
Tena mashine inadhani kila mkopaji ana mvua yake,
na Uporoto nzima tuna moja.
Nikagonga muhuri.

Wanasema bei ya soko inajua yote.
Juni ilijua: Ilala gunia lilifika elfu sabini,
Sanga akajua saa tatu usiku,
sisi tukajua alfajiri, kwa mlio wa Fuso yake.
Akataka.
Na alilipa arobaini na tano, hakupunguza hata mia.
Ila magunia aliyokuja nayo yalikuwa na kofia,
yameshonewa wavu juu, shingo nene kama ya fahali.
Bei ilisimama palepale, gunia likanenepa.
Nikaupitia mlinganyo wote kichwani, kushoto kwenda kulia.
Hauna herufi ya lumbesa.

Anyosisye alihesabu hadi sabini, akapangusa mikono.
"Thelathini yameliwa na mnyauko."
Sanga akaangalia shamba. Shamba lilikuwa limefukuliwa lote,
jeusi, halisemi.

Julai akaja dirishani na deni lote,
noti zimekunjwa mara nne, zinanuka udongo mbichi.
Nikazinyoosha moja moja.
Kwenye safu ya mwisho nikaandika: amelipa.
Kulikuwa na nafasi ya maelezo.
Nikaiacha.